Mama Lulu na Dagaa Wasiotuliwa na Nzi

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa Kigoma na Ujiji, wavuvi, wachuuzi, mashehe, mapadri, wakimbizi wenye karatasi na wasio na karatasi, pamoja na bata wote wa Kibirizi, mnatangaziwa kwamba katika mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, mwezi wa tano, nzi alishindwa. Hakushindwa na serikali, iliyokuwa ikimpiga vita kwa mabango tangu enzi za mkoloni. Hakushindwa na mashirika, yaliyoshuka mjini na magari meupe yenye milingoti mirefu kama ya kuvulia samaki angani. Alishindwa na mwanamke mmoja aliyevaa kandambili zisizofanana, Fatu binti Hamdani, mzaliwa wa Ujiji, mwanika dagaa, aliyesoma hadi darasa la nne kisha akaitwa nyumbani kuchota maji. Mnaombwa kusimama kwa dakika moja. Anayetaka kukaa na akae, maana habari yenyewe haina mahali pazuri pa kusimama.

Jina la Fatu halikuwa na mtumiaji. Mwaloni, pale Kibirizi mitumbwi inapotia nanga, kila mtu alimwita Mama Lulu, ingawa Lulu mwenyewe alikuwa kaburini tangu mwaka wa tisini na saba. Ndivyo tulivyo. Ukizaa unapewa jina la mtoto, na mtoto akifa hakuna ofisi inayopokea jina lililorudishwa. Basi kila asubuhi watu thelathini, arobaini, walikuwa wakimtajia marehemu wake huku wakimuuliza dagaa wa leo wakoje.

Mwaka ule wa tisini na saba vita vya ng'ambo vilikuwa vimevuka ziwa. Watu walikuja kwa mitumbwi, kwa maboti, kwa vitu vilivyokuwa milango siku chache kabla, na kipindupindu kikaja nao. Wenye mji walisema wageni ndio waliokileta. Wageni walisema wamekikuta kimekaa barazani kinawasubiri. Lulu alikuwa na miaka saba. Alianza kuharisha baada ya alfajiri, adhuhuri macho yamezama, magharibi wanaume wanarudi kutoka makaburini wakipangusa udongo mikononi. Jioni ya siku iliyotangulia alikuwa amekula ugali na dagaa. Dagaa wa mama yake, walioanikwa mchangani pale Kibirizi na kutembelewa na nzi wote waliokuwa na nafasi siku ile.

Wiki hiyohiyo likabandikwa bango kwenye ukuta wa soko. Lilikuwa na nzi mkubwa kama mbuzi, ana manyoya miguuni, anatoka chooni anakwenda kutua kwenye sahani, na usoni ana tabasamu la mtu anayejua anachofanya. Fatu alisimama mbele ya bango lile mpaka jua likamchoma utosi. Akaelewa. Nzi alitua kwa dagaa, dagaa wakaenda kwa mama, mama akampa Lulu kwa mkono wake wa kulia, akamwambia kula mwanangu.

Tangu hapo alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, na hakulichanganya na mengine: asije akamlisha tena mtoto wa mtu kifo.

Maji, aliendelea kunywa ya ziwani. Unaingia na ndoo mpaka mapajani, unasukuma povu pembeni, unachota. Kushoto vijana wanaoga, kulia mtu anafua nepi, huko juu mfereji wa mvua unateremsha vyote ambavyo mji umevikana. Ukimuuliza Mama Lulu kama haogopi, alikutazama kama umeuliza kama haogopi hewa. "Ziwa hili halina chini," alisema. "Watu walishusha kamba mpaka kamba ikaisha. Kitu gani kitalichafua?" Hiyo ndiyo dini ya pili ya Kigoma, na waumini wake ni Waislamu na Wakristo kwa pamoja, bila ugomvi. Tumelitupia oili chafu, betri za redio, mbuzi waliokufa na mafuriko ya chupa. Ziwa likameza, likanyamaza, nasi tukauchukua ule unyamavu kuwa ni ridhaa.

Sasa ikaja elfu mbili na kumi na tano, na safari hii waliovuka walikuwa Warundi. Walirundikana Kagunga, pwani nyembamba chini ya mlima, maelfu kwa maelfu, wakinywa palepale walipokaa. Meli kongwe ikawa inawabeba kuwaleta mjini, wakishuka wanapelekwa uwanja wa mpira kusubiri mabasi ya kambini. Kipindupindu nacho kikapanda meli bila tiketi. Ndipo Leodgar, bwana afya wa mwalo, kijana mwembamba mwenye kipaza sauti kizito kuliko yeye, akaja kusimama juu ya ngalawa iliyopinduliwa.

"Nzi ndiye adui," akasema. "Kuanzia kesho, dagaa yeyote atakayekutwa na nzi atateketezwa. Narudia, dagaa. Nzi tutamshughulikia kwa utaratibu mwingine."

Agnesi, aliyeanika jirani na Mama Lulu kwa miaka kumi na sita na ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko ushuru, akainua shingo. "Bwana Afya, begani kwako amekaa mmoja. Tukuteketeze sasa au tusubiri kesho?"

Mwalo mzima ukacheka. Mama Lulu hakucheka. Alikuwa anatazama dagaa wake, ndoo nne za asubuhi ile, weupe wanaometa, na juu yao ukungu mweusi unaonguruma. Alikuwa ameshajaribu kila kitu. Alifukiza majani ya mwarobaini, nzi wakapiga chafya kisha wakarudi. Alipunga khanga mpaka bega likateguka. Alimwagia majivu, dagaa wakatoka kama waliofufuliwa, hakuna aliyewataka.

"Shoga, acha kujisumbua," Agnesi alimwambia. "Nzi kwa dagaa ni kama wakwe. Huwezi kuwaita wala huwezi kuwafukuza."

"Wewe hukuzika."

Agnesi akageukia dagaa wake. Hilo ndilo neno pekee lililokuwa likimnyamazisha, na Mama Lulu hakulitumia hovyo.

Siku ya tatu akaja Nikodemu. Alikuwa Mrundi wa makamo, mwalimu huko alikotoka, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha shingoni kana kwamba kengele italia muda wowote. Mgongoni amebeba binti wa miaka miwili na nusu, Kaneza, macho makubwa, kimya. Mama yake mtoto alibaki uwanjani kulinda nafasi, maana pale uwanjani ukisimama tu mtu mwingine ameshakaa. Mkononi Nikodemu alishika pakiti mbili za buluu.

"Amahoro, Mama. Ninaomba unipe sufuria, hata iliyotoboka kidogo. Nitakupa vyandarua."

"Wewe utalala kwenye nini?"

"Tumegawiwa familia nzima nzima, lakini uwanjani hakuna pa kutundika. Labda golini, na golini wamewahi watu wa Rumonge."

Mama Lulu akapasua pakiti moja, akakinusa. Kilikuwa na harufu kali ya upya, kama duka la Mhindi. "Hiki ndicho kile cha kuua mbu?"

"Ndicho. Mbu akikigusa anaanguka."

"Na nzi?"

Nikodemu akafikiri kwa uaminifu wa mwalimu. "Nzi hawakumtaja walipokuwa wanatugawia."

Akapewa sufuria, akapewa na bakuli la dagaa, akamwambia Mama Lulu alale salama. Alidhani ni vya kulalia. Angedhani nini kingine? Hata shetani mwenyewe, akiwa na chandarua mkononi, angefikiria kitanda kwanza.

Mama Lulu alitandika kimoja mchangani. Akamwaga dagaa wabichi juu yake, wanatiririka maji. Kwa cha pili akawafunika. Kisha akachuchumaa kusubiri.

Nzi wa kwanza alikuja kwa kujiamini, kama afisa. Akatua. Akatembea hatua nne. Akasimama, akatikisa kichwa, akaanza kuzunguka palepale kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Kisha akaanguka chali, miguu juu, ikitetemeka, ikatulia. Wa pili vivyo hivyo. Wa kumi. Wa mia. Kufikia saa sita Mama Lulu alikuwa anawazoa kwa kipande cha boksi, na kufikia saa tisa hakukuwa na wa kuzoa. Wote wamekufa au wamesikia habari. Dagaa wamelala wamekauka, wasafi, hakuna hata doa. Ukimya wa pale juu yao ulikuwa mpya kwake. Kwa miaka kumi na minane alikuwa hajausikia mwalo bila ule mngurumo.

Alilia. Agnesi alimwona, akajifanya anatafuta ufagio.

Kesho yake Nikodemu alipopita na mtoto mgongoni, Mama Lulu alimwita mwenyewe. "Mlete huyo binti. Tangu jana ninamuona, anatazama tu." Akainua chandarua, akachota kiganja cha dagaa waliokauka, wadogo wadogo, akampa Kaneza kwa mkono wake. Mtoto akatafuna. Akanyoosha mkono kuomba tena. "Kula, mwanangu," akasema Mama Lulu. "Hawa hawajaguswa na nzi hata mmoja." Ikawa desturi. Siku nane mfululizo walipita, na siku nane mfululizo mtoto alikula kiganja kimoja papo hapo na baba akabeba bakuli.

Leodgar alipoona, alivua kofia. Akapiga picha dagaa, akapiga picha ardhi yenye nzi wafu, akampiga picha Mama Lulu kwa ubavu na kwa mbele. Akasema huu unaitwa ubunifu wa jamii. Hakuuliza vyandarua ni vya aina gani. Kazi yake ilikuwa nzi, na nzi hawakuwepo. Jioni ile kipaza sauti kikatangaza kwamba mama mmoja wa Kibirizi ameonyesha njia, na wengine waige.

Wakaiga. Vyandarua vikaanza kutoka uwanjani kwa mabunda, vikibadilishwa kwa masufuria, kwa sabuni, kwa mihogo. Vilipokwisha vya wakimbizi, wanawake wakarudi majumbani kutungua vya kwao. Watoto wa Kibirizi wakalala na mbu ili dagaa walale bila nzi. Baada ya wiki moja pwani yote ilikuwa ya buluu, na mtu akiitazama kutoka kwenye boti angedhani ziwa limepanda nchi kavu kuja kutembea. Wanunuzi wa mbali wakasimama wanafuta jasho, wanasema hapa sasa kuna usafi. Mzabuni aliyepika chakula cha uwanjani akawa hanunui kwa mtu yeyote ila kwa Mama Lulu. Magunia na magunia.

Aliyebaki mchangani ni Agnesi peke yake. "Mimi nzi namheshimu," alisema. "Amekula vya chooni, amekula vya machinjioni, amekula mizoga, hajafa. Leo amegusa dagaa wako amekufa. Halafu mimi ndio nile?"

"Watoto wachanga wanalazwa humo ndani," Mama Lulu akamjibu. "Zahanati inakupa unapojifungua, na daktari anakusisitiza. Kitu cha kuua watu wangekufunika nacho mtoto?"

Hilo jibu lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kiasi kwamba hata Agnesi alikuna kichwa.

Wa kwanza kupinga walikuwa paka. Paka wa Kibirizi ni wengi, wanene, na hawana adabu, wanaishi kwa dagaa wanaomwagika. Walianza kutetemeka. Paka anatembea kama mlevi, anaanguka, anajikunjakunja, mate yanamtoka, kesho yake amekakamaa. Mwalo ukatoa maelezo kwa wingi, maana kwetu maelezo ndiyo kitu pekee ambacho hakijawahi kuadimika. Kuna waliosema ni kipindupindu cha paka. Kuna waliosema ni mambo ya mganga fulani wa Ilagala aliyekosa malipo. Vijana wa bodaboda walisema Warundi wametega sumu ili wawale, na jioni moja wakampiga mtu wa watu aliyekuwa ameokota paka mfu ili amtupe. Aliyesema labda ni vyandarua hakuwepo. Aliyekaribia kusema ni Agnesi, siku paka wake mwenyewe alipokufa mapajani mwake, lakini aliangalia pwani ile ya buluu, akawaona wanawake sitini wanaomtazama, akasema, "Alikuwa mzee."

Kisha vyandarua vikachafuka. Magamba, mchanga, nzi wafu. Mama Lulu, mwanamke wa usafi, akavibeba, akaingia navyo ziwani mpaka mapajani, akavifikicha kwa sabuni. Wengine wakamfuata. Baada ya muda mfupi vidagaa vidogo, vifaranga vya pembeni, vikaanza kuelea. Tumbo juu, vinameta, vinazunguka polepole miguuni mwa wanawake. Halafu mmoja akasema Alhamdulillahi, mwingine akasema Yesu asifiwe, wakaanza kuvichota kwa beseni. Walivianika mchana uleule.

Siku ya tisa Nikodemu hakupita, wala ya kumi. Ya kumi na moja akaja peke yake. Mgongo wake ulikuwa mtupu na alitembea bado ameinama kidogo mbele, kama aliyebeba. Kifungo cha shingoni kilikuwa wazi.

"Mtoto yuko wapi?" Mama Lulu akauliza, na huku anauliza alishajua.

"Tumemzika juzi. Wametupatia mahali kule nyuma, pazuri, kuna mwembe mdogo." Akaketi mchangani. "Alitapika. Akawa anatetemeka mikono. Madaktari wa hema walimpima, wakasema si kipindupindu. Walifurahi sana kwamba si kipindupindu."

Mama Lulu akaketi mchangani mkabala naye.

Nikodemu alikuwa anatazama chandarua. Alikuwa hajawahi kukitazama kwa chini, maana siku zote alipofika dagaa walikuwa juu yake na yeye alikuwa na haraka ya foleni. Akakishika pindo. Lebo ya kitambaa ilikuwa bado imeshonwa pale, maandishi madogo ya Kifaransa na Kiingereza. Akasoma midomo ikicheza, kimwalimu. Akasoma tena.

"Kumbe ulianika juu yake."

"Si uliniambia mbu anaanguka?"

"Nilikuambia ulale." Hakupandisha sauti. "Hapa wameandika kisikaribie chakula. Wameandika kisioshwe ziwani wala mtoni, kinaua samaki. Ni sumu, Mama. Kidogo, ya wadudu. Lakini ni sumu."

"Watoto wanalala ndani yake."

"Wanalala. Hawakitafuni."

Upepo wa ziwa ukapita. Mama Lulu akatazama mkono wake wa kulia kana kwamba ameuazima.

"Ndiyo iliyomuua?"

Nikodemu akaliachia pindo la chandarua. Alikuwa mtu wa haki, na haki wakati mwingine ni ukatili. "Sijui," akasema. "Alikuwa na homa tangu Kagunga. Alikuwa na njaa. Tulitembea siku tatu kwenye mvua. Alikunywa maji ambayo hata mimi niliyaogopa. Inaweza kuwa hayo yote, inaweza isiwe hii kabisa. Hakuna atakayetuambia. Na mimi ndiye niliyekuletea." Akainuka, akapangusa mchanga. "Kesho tunapelekwa kambini. Nilikuja kurudisha bakuli."

Akaliweka chini, limeoshwa, akaenda. Mama Lulu hakumwona tena.

Asubuhi yake alikwenda ofisini kwa Leodgar kabla hajafungua. Alimweleza kila kitu amesimama, bila kulia, kama anayetoa ushahidi dhidi ya jirani. Dagaa, vyandarua, paka, vifaranga vinavyoelea, magunia yaliyokwenda uwanjani, Kaneza.

Leodgar alisikiliza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha katika habari hii, huwezi kupata hata mtu mmoja mbaya wa kumpiga mawe. "Walimpima?"

"Walimpima. Si kipindupindu."

"Basi tushukuru." Akavuta fomu. "Mama Lulu, tazama. Hapa pana safu mbili. Kipindupindu, na Siyo kipindupindu. Huyo ni wa safu ya pili. Safu ya pili haiendi popote."

"Niandikie hata pembeni."

"Pembeni hawasomi." Akashusha sauti. "Na Jumatano anakuja mgeni rasmi kutoka makao makuu. Anakuja kuona pwani isiyo na nzi. Nimeandika ripoti kurasa ishirini na mbili, jina lako limo mara tisa. Unataka niwaambie nini? Watu wanakufa kwa kuharisha, mama, ninawaona, ninawahesabu kila siku. Wa vyandarua hujanionyesha hata mmoja mwenye cheti."

Alirudi mwaloni, akawaambia wanawake. Aliwaita mmoja mmoja, kisha akasimama katikati akawaambia wote. Walimsikiliza kwa heshima ya mtu aliyewaonyesha njia, na alipomaliza hakuna aliyegusa chandarua chake.

"Mama Lulu," akasema mmoja kutoka nyuma, "umeshauza wako ndiyo unatuambia?"

Wakarudi kugeuza dagaa.

Alivitoa vyandarua vyake vyote, vilikuwa vimefika sita, akavikunja. Ndipo akagundua kwamba hajui pa kuvipeleka. Akitupa ziwani, ameshaona. Akichoma, moshi unaingia nyumba ya nani? Akifukia, mbuzi na mvua watafukua. Akimpa mtu, atakwenda kuanikia. Alizunguka navyo begani asubuhi nzima kati ya maji na barabara. Mwanamke wa miaka hamsini na nne, aliyezaliwa kando ya ziwa linalomeza kila kitu, kwa mara ya kwanza alikosa mahali pa kutupa kitu. Mwishowe aliviweka chini akavikalia.

Dagaa wake akawaanika mchangani, kama zamani. Nzi wakarudi. Kwa kuwa pwani nzima ilikuwa imefungwa kwao, walirudi wote hapo, wa Kibirizi na jirani zake, wakatua kwa furaha ya watu waliorejea kutoka ukimbizini. Mzabuni wa uwanjani alipita, akasimama mbali, akaziba pua, akahamia kwa Agnesi. Ndiyo, Agnesi. Jumatatu ile Agnesi alikuwa ametandika chandarua chake cha kwanza.

"Usinitazame hivyo, shoga," alimwambia bila kuinua macho. "Mchanga wangu umekaguliwa mara mbili. Nina wajukuu watano. Nzi watanilishia?"

Jumatano saa mbili asubuhi, ili pwani iwe safi kabla mgeni hajafika, wasaidizi wa Leodgar walipita kukagua. Hawakuwa na kazi ndefu. Palikuwa na eneo moja tu lenye nzi. Wakamwaga mafuta ya taa juu ya ndoo tatu za dagaa wa Mama Lulu, dagaa pekee wasio na sumu kutoka mlimani hadi bandarini, wakawasha kiberiti. Walimwomba radhi. Mmoja alimwita mama yangu. Harufu ilikuwa nzuri, ya mchuzi.

Saa nne magari meupe yakaja. Mgeni rasmi alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, kofia ya pama, Kiswahili chake cha Dar. Leodgar akamtembeza katikati ya buluu, akamwonyesha nzi walivyolala chali, akasoma kutoka kurasa ishirini na mbili. Kisha akatafuta kwa macho, akampata Mama Lulu ameketi kando ya majivu yanayofuka, juu ya vyandarua sita, na akafanya alichokuwa amekiandika wiki mbili nyuma na ambacho hakuwa na ujasiri wa kukifuta.

"Mheshimiwa, huyu ndiye mama yetu aliyeanzisha haya yote. Mama Lulu, simama wakuone."

Akasimama. Watu wakapiga makofi. Mpiga picha akachuchumaa. Mgeni rasmi, mtu anayejua picha inataka nini, akainama kwenye chandarua cha Agnesi, akachota kiganja kizima, akatia mdomoni. Agnesi alifumba macho. Mama Lulu alipiga hatua moja mbele, mkono wa kulia umeinuka nusu, na makofi yakazidi, maana walidhani anapunga.

"Watamu," akasema mgeni rasmi, akitafuna. "Wasafi. Hii ndiyo Tanzania tunayoitaka." Akajipangusa midomo, akampokonya Leodgar kipaza sauti, akamsogezea mama. "Haya mama, tuambie. Dunia inakusikiliza. Sema neno moja kwa akina mama wenzako."

Mama Lulu alikitazama kipaza sauti, akamtazama yule mtu kooni.

"Umeshameza?"

"Nimemeza, mama," akasema mgeni rasmi, anacheka.

"Basi sina la kusema."